MTI UNAOLIA, TAJIRI ANAYESIFIWA NA WATU WASIOTAJWA

Najua wengi mmezoea nikija hapa nakuja na stori za mastaa, nani kaachana na nani, nani kashusha mjengo wapi. Leo tunabaki kwenye mijengo hiyo hiyo, ila hatuingii ndani. Tunaishia nje, kwenye bustani, na staa wetu wa leo ni mti.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa naperuzi picha za nyumba za matajiri wa Marekani na Ulaya, si unajua tena bando likiwepo. Kila baada ya picha mbili tatu nakutana na mti wa ajabu. Majani yake ni sindano kama ya msonobari, mingine kijani, mingine bluu yenye rangi ya fedha kwa mbali. Lakini badala ya kusimama wima kama mti wa Krismasi, matawi yote yameanguka chini kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Mmoja ulikuwa umelala juu ya ukuta. Mwingine umetambaa juu ya geti mpaka umekuwa pazia. Nikajiuliza, huu mti umepata ajali au ndivyo ulivyo?

Nikaingia chimbo. Nimesoma siku kadhaa, na nilichokuta humo kimenigusa kuliko nilivyotegemea. Twende taratibu.

MTI UNALIAJE?

Kwanza tuwekane sawa. Hapa kwetu mtu akiona mvinje pale ufukweni anasema ule ni msonobari. Siyo. Mvinje unafanana tu kwa macho, lakini ni mti wa jamii nyingine kabisa. Na ile miashoki mirefu myembamba kwenye mageti yetu, inayoning'iniza majani, nayo haimo kwenye ukoo huu. Ninayoizungumzia leo ni misonobari, mierezi, misipresi na ndugu zao, miti inayozaa koni. Mingi kati yake haipukutishi majani hata kwenye theluji. Ndiyo maana watu wa nchi za baridi wanaipenda: miezi ambayo miti mingine imebaki mifupa, hii bado ni kijani.

Sasa, mti wa kawaida una ncha moja ya juu ambayo ndiyo bosi. Hiyo inakimbilia juu, matawi mengine yanaifuata kwa nidhamu. Tawi likianza kulala, mti wa jamii hii unatengeneza mbao ngumu ya aina yake upande wa chini wa tawi, unalisukuma lirudi mahali pake. Mti una akili zake jamani.

Ila mara moja moja sana, kati ya miche mingi, unatokea mmoja wenye hitilafu kwenye mbegu au kwenye tawi. Ncha yake haijui kwenda juu. Inapanda kidogo, inainama, inashuka. Waingereza wakaiita miti inayolia, na Wafaransa nao wana neno la maana hiyo hiyo.

Na hapa ndipo utamu unapoanza. Ukichukua mbegu za mti wa namna hiyo ukapanda, miche mingi itasimama wima kama bibi na babu zake. Kwa hiyo njia ya uhakika ya kuupata tena ni kukata kipande chake na kukibebesha kwenye mche mwingine wa jamii hiyo, kama wakulima wetu wanavyobebesha maembe. Maana yake nini? Maana yake mti wa aina hiyo ukiuona kwenye bustani ya mtu leo, ni kipande cha mti ule ule mmoja wa kwanza. Umepita mkono hadi mkono, kisu hadi kisu, miaka mia na zaidi. Mikono hiyo ikiacha kazi, aina hiyo inapotea duniani.

Sasa swali langu likawa, mikono ya nani?

KULI WA CHINA

Stori ya zamani zaidi niliyokutana nayo inaanzia China. Huko kuna msipresi ambao wenyewe kwa asili yake unaning'inia, hauhitaji hitilafu. Mwaka 1793 msafara wa balozi wa Uingereza, Lord Macartney, ulipita Hangzhou ukitoka kwa mfalme wa China. Karibu na mji huo waliona bonde lililojaa makaburi na miti hiyo imesimama katikati yake, matawi yameshuka. Mpaka leo jina lake la kisayansi, Cupressus funebris, linabeba habari ya mazishi.

Miaka 55 baadaye, mwaka 1848, akaja Mskoti anaitwa Robert Fortune. Huyu jamaa ni sinema tupu. Kampuni ya Uingereza iliyokuwa inatawala India ilimtuma China akachukue miche na mbegu za chai pamoja na ujuzi wake. Sehemu za ndani wageni walikuwa hawaruhusiwi, kwa hiyo alinyoa kichwa, akavaa mavazi ya Kichina, akapita kama mtu wa mkoa wa mbali. Kwenye safari hiyo akauona msipresi unaolia, na mbegu zake zikafika kwenye kitalu cha Standish na Noble kule Bagshot, Uingereza. Mti wa makaburini ukaingia sokoni kama mti wa bustani za nyumbani.

Fortune alikuja kuandika kitabu kuhusu safari hiyo, kikatoka mwaka 1852. Alikuwa na Wachina wawili wa kumsaidia. Mmoja anamtaja kwa jina, Wang. Wa pili anamwita kuli. Ndiyo, kuli, neno lile lile tunalolitumia sisi kwa wabeba mizigo wa bandarini. Kwenye kitabu tunasoma Fortune alivaa nini, alikula nini, aliogopa nini. Aliyebeba mizigo ni kuli. Alikuwa na mama aliyempa jina, lakini jina halikuvuka bahari. Mbegu zilivuka.

Nikasema sawa, labda ni mambo ya zamani. Nikaendelea kusoma.

JENERALI NA MTI ULIOOKOTWA MLIMANI

Tuhamie Marekani, bonde la mto Hudson, kaskazini ya jiji la New York. Miaka ya 1840 na 1850 huko ndiko kulikuwa na fasheni ya bustani za nyumbani. Mtu aliyeiwasha anaitwa Andrew Jackson Downing, mtoto wa mwenye kitalu kule Newburgh. Mwaka 1841 alitoa kitabu cha kuwafundisha Wamarekani kupamba viwanja vya nyumba zao, kikauzika sana. Alikufa mwaka 1852, boti aliyopanda ilipowaka moto mtoni, akiwa na miaka 36 tu.

Wakati huo huo miti inayolia ilikuwa inahama makaburini. Karibu na Boston kulifunguliwa makaburi ya Mount Auburn mwaka 1831, yaliyopandwa miti kama bustani, watu wakawa wanaenda kutembea pale wikiendi kama sisi tunavyoenda beach. Mti wenye matawi yanayoshuka ulikuwa alama ya msiba, wengine walikuwa wanauchonga hadi kwenye mawe ya makaburi. Taratibu ukasogea mpaka mbele ya nyumba. Alama ya huzuni ikawa alama ya uwezo. Fasheni ndivyo ilivyo, haina aibu.

Ng'ambo ya mto kutoka kwa Downing alikaa rafiki yake tajiri, Henry Winthrop Sargent, kwenye shamba lake liitwalo Wodenethe. Huyu alikuwa mgonjwa wa misonobari na jamii yake. Downing alipofariki, Sargent ndiye aliyekiongezea kitabu chake sehemu mpya kwenye toleo la mwaka 1859, akiieleza miti mipya. Jirani yake alikuwa Joseph Howland, aliyepigana upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akajeruhiwa mwaka 1862, baadaye akapewa cheo cha jenerali. Shamba la Howland liliitwa Tioronda.

Sasa kwenye milima ya nyuma ya Fishkill, katikati ya karne ya 19, ikapatikana miche ya hemloki isiyo ya kawaida. Hemloki ni mti mrefu wa misitu ya Marekani mashariki, usichanganye na ule mmea wa sumu wa kwenye stori za Wagiriki. Hii ya Fishkill ilikataa kurefuka. Ilikuwa inatanuka pembeni na kumwagika chini, tabaka juu ya tabaka, kama maji yanayotoka kwenye beseni lililojaa. Maelezo yaliyozoeleka yanasema ilichimbwa miche minne. Mmoja ukaenda Tioronda kwa Howland, mmoja Wodenethe kwa Sargent, mmoja kwa tajiri Hunnewell kule Wellesley, na mmoja Brookline kwa Charles Sprague Sargent, ndugu wa yule Henry na mkurugenzi wa kwanza wa Arnold Arboretum, bustani kubwa ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Kitalu cha Parsons kule Flushing, New York, kikaanza kuubebesha na kuuza. Ukasambaa. Leo mti huo unajulikana kama hemloki ya Sargent.

Umeiona hiyo? Sifa ya kuupata ilipewa Howland, jina likaenda kwa Sargent. Hata jenerali alipigwa chenga! Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mtaalamu wa Arnold Arboretum, Peter Del Tredici, aliandika kitabu kizima kufuatilia huo utata.

Mimi nina utata wangu mwingine. Sisemi jenerali hakuuona mti. Lakini wewe umewahi kung'oa mche wa mlimani ukapona? Lazima uchimbe kwa kuzunguka, utoke na udongo wake, uufunge, uushushe mlima kwenye mkokoteni bila kuvunja mizizi, uupande siku hiyo hiyo, umwagilie miezi. Majumba kama Tioronda na Wodenethe yaliendeshwa na wafanyakazi. Kwenye simulizi hii ninawaona mabwana wanne waliopokea miche minne. Aliyeshika koleo simwoni.

Kwa wapenda umbea nawapa hii ya nyongeza: Tioronda baadaye, mwaka 1915, iligeuzwa hospitali binafsi ya wagonjwa wa akili ikaitwa Craig House. Mwaka 1934 Zelda Fitzgerald, mke wa mwandishi maarufu F. Scott Fitzgerald, alilazwa hapo. Sasa fikiria hemloki ile imeinamisha kichwa nje ya dirisha.

MWAFRIKA ALIYEPEWA UPANDE WA PARIS

Ule mti wa bluu wenye rangi ya fedha niliouona kwenye picha, unaolala juu ya kuta na mageti, una asili ya Afrika. Ni mwerezi wa Atlas, wa milima ya Moroko na Algeria. Wafaransa waliivamia Algeria mwaka 1830, na katika miongo iliyofuata mierezi hiyo ikaanza kupandwa Ulaya.

Kusini mwa Paris kulikuwa na eneo la vitalu maarufu. Huko, karne ile ile ya 19, ukatokea mwerezi wa bluu usiosimama. Mtu akauona, hakuutupa. Leo kule Châtenay-Malabry, kwenye bustani ya miti ya Vallée-aux-Loups, kuna mmoja uliopandwa mwishoni mwa karne hiyo. Matawi yake yametanda karibu mita za mraba 700. Ni ukubwa wa kiwanja kizuri tu cha mtu wa Goba na nyumba yake na banda la kuku. Matawi yamewekewa nguzo chini ili yasivunjike, unatembea chini yake kama uko ndani ya hema la bluu.

Sasa sikia jambo ambalo picha hazikwambii. Mwerezi huu ukiuacha peke yake haupandi. Unalala chini na kutambaa kama zulia. Ukiuona umesimama mita tatu, ujue kuna mtu aliusimamishia mti wa kuegemea ukiwa mdogo, akafunga ncha yake, mwaka uliofuata akapandisha tena kamba, mwaka mwingine tena. Siku aliyoacha kufunga ndiyo siku mti ulipoanza kushuka. Ule umbo unaosifiwa kwenye picha ni kazi ya aliyekuwa ameshika kamba.

UKITAKA KUUPANDA

Najua kuna mdau yuko Ulaya, Canada au Marekani anasoma hapa na ana kajiuwanja kake. Basi kwa ufupi.

Kwanza pima nafasi. Kosa kubwa la watu ni kuuona dukani ukiwa na urefu wa mtoto wa darasa la pili, wakaupanda hatua mbili kutoka mlangoni. Baada ya miaka 15 wanaukatakata na kuulaumu. Pili, mwerezi wa bluu unataka jua na udongo usiotuamisha maji. Hemloki yenyewe inataka ubaridi, unyevu na kivuli kidogo, ukame unaimaliza. Tatu, amua urefu mapema, kwa sababu urefu wa mti wa kuegemea ndio utakuwa urefu wa mti wako. Nne, angalia chini ya alama ya kubebesha. Likitokea chipukizi linalokwenda juu kwa kasi, kata haraka. Hilo ni la shina lililobeba, ukiliacha litautawala mti wote.

Na wa hemloki mkae macho na kidudu kidogo kinachojifunika pamba nyeupe chini ya majani. Asili yake Asia, na mashariki ya Marekani kilionekana Virginia mwaka 1951. Tangu hapo kimeua hemloki nyingi sana kwenye misitu. Ya bustanini inapona kwa sababu kuna mtu anainama kuikagua na kuipiga dawa. Umeona tena? Mtu.

SASA KWA NINI NIMEANDIKA HAYA

Nina mjomba wangu. Alifanya kazi ya bustani kwenye nyumba moja Arusha kwa miaka 19. Siwezi kuitaja nyumba wala mwenye nyumba. Nikiwa darasa la tano nilienda kwake likizo, nikawa namfuata kazini. Mbele ya ile nyumba kulikuwa na msipresi ulioangushwa na mvua ukiwa mdogo, ukabaki umelala upande. Mwenye nyumba alisema ung'olewe. Mjomba akaomba aachiwe. Akauwekea mti wa kuegemea, akawa anaufunga kwa mipira ya ndani ya baiskeli ili usikatwe ngozi. Nilivyofika mimi ulikuwa umepanda, umepinda, umeshusha matawi mpaka chini upande mmoja. Ulikuwa mzuri, yaani mpaka mtoto kama mimi nasimama kuangalia.

Siku moja wakaja wageni. Wakausifia ule mti, mwenyeji anacheka, anapokea sifa zote. Wakataka picha. Mjomba alikuwa amechuchumaa pale chini anaokota majani. Mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, hakumgombeza: "Shamba boi, sogea kidogo tupige picha ya mti."

Mjomba akasogea. Alikuwa na miaka zaidi ya 40, ana wajukuu sasa hivi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bomba la maji, na nakumbuka niliangalia chini kwa sababu sikujua niangalie wapi.

Nilikuwa nimeisahau siku ile mpaka nilipofika kwenye yule kuli wa Fortune. Ndipo nikaelewa kwa nini siku zote hizi nilikuwa nasoma habari za miti ya watu wa mbali kama vile nimedaiwa.

Juzi nikampigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza, mjomba, ule mti uliufanyaje mpaka ukawa vile? Akakaa kimya kidogo, akasema, "Mjomba, ule ulikuwa umeanguka. Mimi nikausimamisha, basi." Halafu akaniuliza kama bado upo.

Sijui nani alinituma, nikamwambia nitaenda kuuangalia. Sasa imeshakuwa ahadi, nauli ikipatikana naenda.

Nikamuomba ruhusa nimtaje humu kwa jina lake kamili, ili angalau mmoja kwenye stori hii awe na jina. Akacheka sana. Akasema, "Wewe andika ya kwako, mimi niache nipumzike." Basi nimemheshimu, na nyinyi mtaniwia radhi.

Lakini wewe wa kwako huenda hana neno. Kama kuna mtu aliyepanda mti uliocheza chini yake, wa shuleni, wa nyumbani, wa kwa jirani, na hakuna kibao chenye jina lake, muulize kwanza. Akikubali, shuka hapo chini kwenye komenti umwandike. Nitazisoma zote.